Vibarua wa Nairobi: vile mnaweza kujipanga kazini joto likizidi na mto ukifurika

Hii nimeandikia yule mtu ambaye saa kumi na mbili asubuhi ashafika nje ya geti huko Lunga Lunga ama Enterprise Road anangoja nyapara atoke aite majina, na wa mjengo pia, na wa kuosha ofisi usiku, na mama wa kufua nguo kwa manyumba za Kilimani. Kama wewe uko na mkataba wa kudumu na bima ya hospitali soma tu, hakuna mtu atakufukuza.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ndio usiniulize baadaye. Hii mambo ya tabianchi naona imechukuliwa na watu wa suti. Septemba 2023 marais walikuja KICC kwa ule mkutano mkubwa wa Afrika, siku tatu wakiongea kaboni na mabilioni, na ukitoka hapo hata kilomita kumi hazifiki mpaka mtaa wa mabanda wa Mukuru, unapata kijana anapakia magunia ndani ya godauni la mabati saa nane mchana na maji ya kunywa hakuna. Hilo joto ndio tabianchi yenyewe. Halafu 2024 mvua ikaja, mito ikaingia kwa watu Mathare na Mukuru, wengine wakapoteza vitanda na sufuria na wengine wakapoteza watoto, na kama siku hiyo hukufika kazini kwa sababu ulikuwa unatoa maji kwa nyumba, nafasi yako ilipewa mtu mwingine na hakuna aliyekuambia pole. Kwa hivyo mimi sitenganishi haya mambo. Katiba ya 2010 imeweka haki ya kazi kifungu cha 41, kinachofuata hapo hapo, cha 42, ni haki ya mazingira safi, na anayekosa zote mbili mara nyingi ni mtu yule yule mmoja.

Sasa tuingie kwa kazi.

Anza na daftari, usianze na makelele

Najua ukikasirika unataka kuenda moja kwa moja kwa ofisi ya meneja. Ngoja kwanza. Nunua daftari ndogo ya kuingia mfukoni, uwe unaandika kila siku: tarehe, saa umeingia, saa umetoka, kazi gani umefanya, nani alikuwa nyapara, umelipwa ngapi na umelipwa vipi. Mistari miwili mitatu inatosha. Siku ambayo mtu ameanguka kwa sababu ya joto ama mashine imemkata unaandika zaidi, nani alikuwa hapo, aliambiwa nini, alipelekwa wapi na nani alilipa.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu kibarua akifika kwa afisa wa leba kitu cha kwanza mdosi atasema ni "huyu simjui". Hana barua, hana pesilipu, jina lake haliko kwa kompyuta. Lakini kama uko na daftari ya miezi minane imeandikwa siku kwa siku, na M-Pesa inaonyesha kila Jumamosi ulipokea pesa kutoka namba ile ile, na picha ya ile kadi ya geti, hapo "simjui" inakuwa ngumu kusema. Na kuna kitu watu wengi hawajui kwa Sheria ya Ajira ya 2007: kuandika mkataba ni kazi ya mwajiri, wewe si kazi yako, na mkifika kortini akose kuleta hayo maandishi, ni yeye anabeba mzigo wa kuonyesha kwamba yale unayosema kuhusu makubaliano yenu si ya kweli. Usitupe chochote. Ile karatasi imekunjwa kwa mfuko wa overoli piga picha, tuma kwa simu ya mtu unayemwamini, kwa sababu simu huibiwa na huanguka kwa choo pia.

Wale mnalipwa kesh mkononi, andikeni kiasi na mtu aliyewapa, na kama inawezekana mwenzako mmoja pia awe anaandika yake. Daftari mbili za watu tofauti zikisema kitu kimoja zina nguvu kuliko moja iliyopambwa sana.

Angalia kama kweli wewe bado ni kibarua

Hapa ndio watu wanaibiwa zaidi. Kisheria kibarua ni mtu ambaye analipwa mwisho wa siku na hajaajiriwa kwa zaidi ya masaa 24 kwa mara moja. Basi. Ukifanya kazi siku mfululizo zikafika mwezi mmoja, ama umepewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha kabla ya miezi mitatu, kifungu cha 37 cha hiyo Sheria ya Ajira kinasema wewe si kibarua tena, unahesabika kama mtu wa kulipwa kwa mwezi na unafaa kupewa notisi. Ukipitisha miezi miwili mfululizo haki zako zinakuwa kama za mtu ambaye hakuwahi kuwa kibarua.

Wadosi wanajua hii vizuri sana, ndio maana wengine wanakukatisha siku chache kabla mwezi uishe halafu wanakuita tena kama hakuna kilichotokea. Wengine wanakupitisha kwa ejenti, yaani kazi ni ya kampuni hii lakini karatasi inasema umeajiriwa na ile, na ukiuliza kila mmoja anakuonyesha mlango wa mwenzake. Andika yote mawili kwa daftari, jina la ejenti na jina liko kwa geti, na nani haswa ndiye anakuambia ufanye nini. Hiyo ya mwisho ina maana sana mkifika mbele.

Halafu pesa. Tangu Novemba 2024 kima cha chini cha leba wa kawaida hapa Nairobi kiliwekwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na hiyo haijahesabu nyumba. Kama mwajiri hakupi pa kulala anaongeza asilimia 15 ya nyumba, ukijumlisha unakaribia 18,500. Ukisoma hii baadaye ulizia kama imepandishwa, kawaida hutangazwa Leba Dei lakini tangazo la uwanjani peke yake halitoshi, ngoja litoke kwa gazeti rasmi la serikali. Masaa kwa kazi nyingi za kawaida ni 52 kwa wiki yakigawanywa siku sita. Ukipitisha hapo ovataimu ni mara moja na nusu, na siku yako ya mapumziko ama sikukuu ni mara mbili. Siku moja ya kupumzika kila wiki ni lazima. Ukimaliza mwaka unapata likizo ya siku 21 za kazi na mshahara kamili. Sasa piga hesabu yako hapo ulipo uone umbali. Wengine mkimaliza hiyo hesabu mtahitaji kukaa chini kidogo.

Ongea na mtu mmoja mmoja, grupu ya WhatsApp baadaye

Kosa naona kila mara ni hili: mtu anakasirika Jumatatu, Jumanne amefungua grupu ya watu 60 inaitwa "Haki Yetu" na picha ya ngumi, Jumatano skrinishoti ziko kwa simu ya meneja, Alhamisi watu wawili hawaitwi getini. Kwani ulidhani nyapara hana binamu kwa hiyo grupu?

Anza na watu watatu. Wachague wale ambao wengine huwasikiliza, na mara nyingi si wale wa mdomo mkubwa. Angalia nani watu humwendea wakiwa na shida, nani huweka pesa ya chama, nani hupigia watu hesabu ya ovataimu wakiona imepungua. Kwa vikundi vingi huyo mtu ni mama fulani ambaye hata hajawahi kubishana na mtu. Ongea naye mkitembea kurudi nyumbani ama kwa kibanda cha chai, na usianze kwa kumhubiria kuhusu ubepari jameni, muulize tu yeye ni nini inamuuma zaidi hapo kazini halafu unyamaze umsikilize. Hiyo sehemu ya kunyamaza ndio ngumu, haswa kwa sisi tumesoma soma vitu tunataka kumwaga.

Mkifika kama kumi hivi mtaanza kuona kitu kimoja kinarudi rudi. Inaweza kuwa choo, inaweza kuwa glavu, ama masaki ya vumbi, maji, pesa inayokatwa bila sababu. Hicho kinachorudi ndio mnaanza nacho. Najua mnataka mshahara upande na mimi nataka pia, lakini watu ambao hawajawahi kushinda kitu pamoja ukiwaambia waanze na mshahara wataogopa watawanyike. Mkishinda maji ya kunywa wanaona kumbe inawezekana, na ya pili inakuja na watu wengi zaidi.

Mambo mawili yatawavunja kama hamjachunga. La kwanza ni kabila. Mdosi mjanja hahitaji kufuta mtu, anaweka tu nyapara wa upande fulani anampa ovataimu anagawia watu wa kwao, na nyinyi mnaanza kuangaliana vibaya. Hakikisheni hao watu watatu wa kwanza hawatoki kona moja. La pili ni wanawake kuwekwa nyuma, mkutano unafanywa saa mbili usiku kwa baa halafu mnashangaa akina mama hawakuja. Yule anayeombwa kitu na supavaisa ndio aitwe kazini kesho ana shida ambayo hataisema kwa baa mbele ya wanaume ishirini. Kama kwa kikundi chenu hakuna mama anayeweza kuambiwa hayo, hamjajipanga bado, mnakunywa tu.

Joto: dai ambalo hata mdosi anaona haya kukataa

Mimi ningewashauri muanze na hili kama liko kwenu. Joto ndani ya godauni la mabati halichagui kabila, hata supavaisa anatoka jasho, na sheria iko upande wenu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka maji safi ya kunywa, hewa ya kutosha na watu wasibanwe kwa chumba. Mahali pana watu 20 au zaidi lazima kuwe na kamati ya usalama yenye wafanyakazi ndani yake. Uliza tu kwa upole, "kamati yetu ya usalama ni akina nani?" Sehemu nyingi utaona watu wanaangaliana. Hapo mmeshapata mlango wa kuingilia, sasa mnaomba iundwe na mnapeleka majina yenu.

Barua iwe fupi, kwa Kiswahili ni sawa kabisa. Kitu kama hiki:

"Kwa Meneja. Sisi tunaopakia mizigo tunaomba mambo matatu: maji safi ya kunywa karibu na mahali tunapakia, mapumziko ya dakika 15 saa nane mchana siku za jua kali, na madirisha ya juu yawe yanafunguliwa. Wiki hii wenzetu wawili wamezirai. Tunaomba jibu kabla ya Ijumaa ijayo, na tuko tayari kuketi tuongee."

Mambo matatu, tarehe ya jibu, basi. Usiweke matusi na usiweke vitisho. Usiseme watu wamezirai kama hawajazirai, mkishikwa na uongo mmoja barua yote imekufa. Chini sasa msitie sahihi kwa mstari kutoka juu kuja chini, chora duara na kila mtu aandike jina lake kuizunguka, hivyo hakuna anayejulikana kama wa kwanza. Ni mbinu ya kizamani sana na bado inafanya kazi. Pigeni picha kabla ipelekwe, na muipeleke mkiwa zaidi ya mmoja, na mwambie karani agonge muhuri kwa kopi yenu. Akikataa, mmoja aandike kwa daftari saa na jina la aliyekataa.

Kukiwa na hatari ya ukweli, waya umekatika uko kwa maji, ama mtambo unavuja gesi, mwambie supavaisa mara moja na uandike. Kama hatari ni ya karibu na bado haijaondolewa, mwajiri hafai kukulazimisha urudi pale. Na ukiumia, usikubali ile ya "tutakulipia hospitali tu tusisumbuane". Kuna Sheria ya Fidia za Kuumia Kazini, mwajiri akipewa habari ana siku saba za kuripoti kwa maandishi kwa idara ya usalama kazini, na dai lako linafaa liingie ndani ya miezi 12 tangu ajali. Wengi huamka mwaka wa pili kidole hakikunji na muda umeisha.

Chama: ingia, lakini ingia na macho

Kwa hili jiji vyama vya wafanyakazi vina historia ambayo shuleni tulifundishwa mstari mmoja. Makhan Singh alianzisha chama cha wafanyakazi wa kila rangi mwaka wa 1935, na Aprili 1950 alisimama Kaloleni akadai uhuru wazi wazi, wakati wengine bado walikuwa wanaomba marekebisho. Mwezi uliofuata yeye na Fred Kubai, kiongozi mwenzake wa wafanyakazi, wakashikwa, na Nairobi ikagoma siku kadhaa. Makhan Singh alikuja kuachiliwa 1961. Ukipita Kaloleni ile sosho holi, jua palisemwa nini.

Leo sitakudanganya, kuna vyama viko macho na kuna vyama ambavyo katibu wake anajulikana zaidi na mdosi kuliko na wanachama. Lakini bila chama mna mipaka, kwa sababu makubaliano ya mshahara na hata mgomo wa kisheria vinapitia hapo. Tafuteni chama cha sekta yenu. Wafanyakazi wa nyumbani, mahoteli na hospitali wana KUDHEIHA, na mama anayefanya kazi ya nyumba ana haki ya kuingia kama mtu yeyote mwingine, hata kama wako wawili tu kwa ploti. Enda na wenzako muulize maswali: uchaguzi wa tawi ulifanywa lini, makubaliano ya mwisho yalisainiwa mwaka gani, kopi iko wapi tuione. Afisa akianza kuzungusha maneno, hamjapoteza kitu, ingieni na mpiganie uchaguzi ujao. Chama ni cha wanachama, na kama wanachama hawaji mikutano basi kitakuwa cha yule anayekuja.

Utaratibu wenyewe: mnajaza fomu inayoitwa Fomu S ya kukatwa ada, mwajiri akishapelekewa ana siku 30 aanze kukata na kupeleka kwa chama. Chama kikipata zaidi ya nusu ya wale wanaoruhusiwa kuingia, mwajiri lazima akitambue. Ndio maana zile safari za chai na watu mmoja mmoja zilikuwa muhimu, hiyo nusu haipatikani kwa siku moja. Na msidhani ni mambo ya leba wa mikono peke yake, Leba Dei ya 2023 vijana zaidi ya 150 waliofanya kazi ya kuchuja video za kutisha za mitandao walikutana hapa Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Mgomo sasa. Usikimbilie. Kisheria kwanza mzozo upitie kwa mpatanishi, ukishindikana chama kinatoa notisi ya siku saba kwa maandishi kwa mwajiri na kwa waziri. Mkitoka tu asubuhi moja kwa hasira mnampa mdosi zawadi, anafuta wote na anaenda kortini akicheka.

Ukiitwa ofisini

Siku ya kuitwa itafika kwa mtu fulani. Kama wanataka kukufuta kwa makosa ama kwa sababu kazi yako ni mbaya, lazima wakueleze kosa kwa lugha unayoelewa na wakusikilize, na una haki ya kuingia na mwenzako wa kazi ama mwakilishi wa chama. Sema hivi tu: "Niko tayari kuongea, naomba niingie na mwenzangu." Usitie sahihi kitu hujasoma ama hujaelewa. Ile karatasi ya "nimeacha kazi kwa hiari yangu" na elfu tano juu yake imekula watu wengi sana hapa mjini. Ukilazimishwa, andika kando ya sahihi yako "nimepinga" na tarehe.

Kufutwa kwa sababu ya kuingia chama, kwa mimba, ama kwa kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu ya haki kisheria. Korti inaweza kuamuru fidia mpaka mshahara wa miezi 12, ingawa haimaanishi utapewa yote. Una miaka mitatu ya kushtaki, usingoje iishe.

Pa kuenda: anza na afisa wa leba, huduma yake hailipiwi, akikuomba ya chai ondoka urudi na mtu wa pili. Kituo cha Sheria wamekuwa wakisaidia watu wasio na pesa ya wakili tangu 1973. Usipeleke kesi ya kazi kwa ile Korti ya Madai Madogo, sheria yake imeikataa waziwazi na utapoteza miezi. Kama mshahara wako haukupita 80,000 kwa mwezi kesi inaweza kusikizwa na hakimu aliyepewa hiyo kazi, huhitaji kuanzia kwa jaji wa korti ya leba.

Mvua ikianza

Hii jipangeni kabla, Februari si Aprili. Ongeeni na mwajiri mapema mkiwa mmetulia: mto ukifurika tunakutumia meseji kabla ya saa moja asubuhi, na wewe hutupi nafasi zetu kwa siku hizo. Akikubali, iandikwe. Asipokubali, bado siku ikifika tuma meseji na picha ya maji mlangoni, saa ionekane. Sheria inaruhusu mwajiri kukata mshahara wa siku ambayo hukuja bila ruhusa na bila sababu halali, sasa nyumba kujaa maji kama si sababu halali sijui nini itakuwa, na hiyo picha ndio hoja yako. Ukikaa kimya siku tatu halafu urudi na hadithi, umemsaidia.

Upande wa makao. Baada ya mafuriko ya 2024 tingatinga ziliingia Mathare na Mukuru kubomoa karibu na mto, rais akaahidi shilingi 10,000 kwa familia, na sijui nani Nairobi anahama na kuanza maisha na elfu kumi. Sisemi watu wakae ndani ya mto. Mtu kukaa kwa hatari si haki pia. Lakini kuondolewa kuna utaratibu, uko kwa Sheria ya Ardhi tangu marekebisho ya 2016: notisi ya miezi mitatu, wanaobomoa wajitambulishe na waonyeshe idhini, maafisa wa serikali wawe hapo, wazee na watoto na walemavu wapewe uangalizi, na watu wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe waokoe mabati yao. Januari 2021 Korti ya Juu iliamua kesi ya wakaazi wa Mitu-Bell, kile kijiji cha karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kilichobomolewa 2011, na ikasema mtu asiye na shamba aliyejenga makao yake kwa ardhi ya umma, hata kama hana hati, analindwa na haki ya makao chini ya Katiba. Tembeeni na jina la hiyo kesi.

Mkisikia fununu ya kubomolewa, ama mnataka kujua pesa ya mifereji ya wadi yenu ilienda wapi, andikeni ombi la habari. Sheria ya 2016 ya kupata habari inakubali ombi kwa Kiswahili, hakuna pesa ya kuomba, na ofisi ina siku 21 kujibu. Ikihusu maisha ya mtu ni masaa 48. Wakinyamaza mnaenda kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Uliza kitu kimoja kinachohesabika, mfano "pesa iliyotengewa mifereji ya wadi yetu mwaka wa fedha uliopita na mkandarasi aliyepewa". Ukiuliza "kwa nini mnatuonea" utajibiwa na kimya.

Mkiamua kutoka barabarani

Kifungu cha 37 cha Katiba kinawaruhusu kuandamana bila silaha na kwa amani. Notisi inapelekwa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla, mnaandika majina ya waandalizi na wanapoishi, tarehe, saa kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni, na njia mtapita. Kumbuka hiyo ni taarifa, hamuombi ruhusa, lakini polisi wengi wanaisoma kama ombi, kwa hivyo kopi yenye muhuri itembee na watu zaidi ya mmoja.

Baada ya maandamano ya Juni 2024 hakuna mtu wa kuambiwa polisi wa Nairobi wanaweza kufanya nini. Kila mtu aandike namba ya wakili ama ya kituo cha haki cha mtaa wake kwa mkono na kalamu isiyofutika, kwa sababu simu ndio kitu cha kwanza kuchukuliwa. Mathare wako na kituo chao tangu 2014, Dandora na Kayole pia kuna, ulizeni mapema nani atakuwa amebaki ofisini siku hiyo. Ukishikwa una haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoelewa, kunyamaza, kuongea na wakili, na kufikishwa kortini kabla ya masaa 24 kuisha, isipokuwa hayo masaa yameishia nje ya saa za korti ama siku ambayo korti haifanyi kazi. Taja jina lako tu, maelezo mengine yangoje wakili. Na mmoja wenu abaki nyumbani makusudi, na orodha ya majina ya wote mliotoka na vituo vya polisi vya karibu, kazi yake iwe kupiga simu kila saa na kuweka alama kwa aliyerudi.